Chini ya Gari, Kabla ya Kuku

Asubuhi ya kwenda Butali kuangalia gari, mke wangu alinitolea suruali ya shambani, ile yenye viraka magotini, akaiweka juu ya kitanda. Nilidhani amekosea. Tulikuwa tunakwenda nyumbani kwa watu, watu wazima kama sisi, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa rinda lake la buluu la kanisani na kitambaa kipya kichwani.

"Hii ni ya kulimia," nikamwambia.

"Najua."

"Watu watanionaje?"

"Watakuona umekuja kununua gari," akasema, akatoka kwenda kuwamwagia kuku wake mahindi.

Niliivaa. Mara ya kwanza niliponunua gari nilikuwa na suruali ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama kama kadibodi, na suruali ile ilinipa sababu ya kwanza ya kutolala chali mavumbini. Sababu ya pili ilikuwa kuku. Nitaeleza habari ya kuku, lakini kwanza nieleze kwa nini mzee wa umri wangu, karani wa stoo aliyestaafu zamani, anatafuta gari la kupanda matope.

Sisi tunakaa nje kidogo ya mji wa Kakamega. Kwao mke wangu ni upande wa Matungu, ndani kabisa ya miwa, ukishaliacha soko la Mayoni nyuma yako. Wakati wa kiangazi si mbali. Unapanda gari lolote, unafika kabla chai ya asubuhi haijaisha tumboni. Mvua ikianza, kipande cha mwisho cha barabara, chenye udongo mweusi na kijito katikati, hakipitiki. Matrekta ya miwa hukichimba mitaro ambayo gari dogo likiingia linakaa kama yai kwenye kiota. Boda boda wanapita, lakini goti la kulia la mke wangu limekataa kukunjika, naye hawezi kupanda pikipiki kama vijana.

Dada yake mkubwa, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wa mama yao, yuko huko. Alianguka akivuna mboga, nyonga ikavunjika, na tangu hapo analala upande mmoja. Aliolewa na Mwislamu wa huko huko, akasilimu, mume akafa, watoto wanamtunza vizuri. Lakini alimtaka mdogo wake. Alipiga simu mwanzo wa mwaka, sauti ikiwa kubwa kama kawaida yake.

"Njoo mvua hii tukae wote."

"Dada, nitakuja kiangazi kijacho, barabara ikikauka."

"Usiniambie habari ya kiangazi. Kiangazi ni cha watu wenye miguu. Mimi nakuambia mvua hii."

Mke wangu alikata simu, akaichezea mikono yake. Hakuniomba kitu. Hajawahi kuniomba kumpeleka kwao wakati wa mvua tangu lile gari la kwanza.

Nilizungumza na watoto, wakachanga. Binti yetu, ambaye ni mwalimu, alinipigia usiku ule ule.

"Baba, kuchagua gari ni kazi yako. Sharti letu ni moja. Mama aende na wewe, na usile kitu cha mtu kabla hujaingia chini ya gari."

Akacheka, nami nikacheka. Huo ni utani wa nyumba yetu. Kila mtoto ameukuta. Lakini watoto wanajua nusu ya ile habari, ile inayochekesha.

Gari la kwanza nililinunua Navakholo, miaka ile watoto wakiwa bado shuleni. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, mvua zilikuwa zimekaribia, na mke wangu aliuza ng'ombe wake wa maziwa bila mimi kumwambia. Nilisikia kuna mtu anauza gari linalovutwa na magurudumu yote manne, mbele na nyuma, nikaenda peke yangu na suruali yangu ya pasi.

Mwenye gari alikuwa mtu wa adabu sana. Nilipoingia kwenye boma lake, kuku alikuwa ameshachinjwa. Gari lilikuwa limeoshwa, limeegeshwa kivulini, linang'aa kama sufuria ya harusi. Nilikaribishwa ndani, nikanawa, obusuma, yaani ugali wetu, ukaja, kuku akaja, na juu ya sahani yangu ikawekwa firigisi.

Msomaji wa mbali huenda asijue firigisi ni nini kwetu. Ni kipande kidogo tu, lakini huwekewa mwanamume anayeheshimiwa. Ukishaila, umeipokea heshima ya nyumba. Huwezi kujipangusa mdomo, ukatoka nje, ukalala chini ya gari la mtu aliyekupa firigisi, ukamulika huku na huku kama askari anayetafuta pombe ya chang'aa. Ni kama kumwambia mwenyeji, nimekula chakula chako lakini wewe ni mwongo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Wanaume wa rika langu tulizaliwa nayo.

Kwa hiyo nilitoka nje nikiwa nimeshiba, nikafanya mambo ambayo nilikuwa nimeona wanaume wengine wakifanya. Nilipiga teke tairi. Nilifungua mlango nikaufunga, nikasikiliza unavyofunga. Niliweka mkono juu ya boneti, ikawa na joto, nikafurahi, kama mtu anayekuta jikoni kuna moto. Sikujua kwamba injini iliyopashwa kabla hujafika inaficha jinsi inavyoamka asubuhi. Nilikaa kwenye kiti, nikavuta ile gia ndogo ya pembeni inayounganisha magurudumu ya mbele. Ikaingia. Taa ndogo ikawaka kwenye deshibodi. Nikatoa pesa.

Chini ya gari lile hapakuwa na shafti ya mbele. Shafti ni ule mti mrefu wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, na gari la aina ile linapaswa kuwa na mmoja wa kwenda nyuma na mmoja wa kwenda mbele. Mtu fulani aliharibikiwa na gia za mbele, akaona kutengeneza ni ghali, akafungua boliti, akautoa mti, akautupa. Gia ndogo iliendelea kuingia na taa iliendelea kuwaka. Hata mtoto anayefuata mpira chini ya gari angeliona lile pengo.

Sisi tuliliona kwenye kijito. Tulikuwa tunakwenda kwa mama mkwe, mke wangu amepakata chupa ya uji. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Nilivuta gia yangu ndogo kwa mbwembwe, taa ikawaka, tukashuka majini, tukaanza kupanda ng'ambo. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakachimba, yakazama. Ya mbele yalisimama kimya kama mawe.

Mke wangu alivua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba, akavitundika begani. Akaweka kikapu kichwani.

"Twende kwa miguu," akasema.

Nikamwambia atangulie. Nikamwambia nitabaki kulinda gari, watu wa huku wataling'oa vioo, nikipata trekta nitamfuata.

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Watoto wanadhani nilikosea nilipokula kuku. Kula kuku si dhambi. Nilimwacha mke wangu apande kilima kile peke yake kwenye matope, nikabaki kulinda kitu ambacho hakuna mwizi angeweza kukiondoa. Mbele yake mto mkubwa ulikuwa umefunika daraja la miti. Alilala jikoni kwa mama mmoja asiyemjua, na asubuhi maji yalipopungua akavuka, akafika na tope mpaka magotini, akakuta wanawake wameshaanza kulia. Mama yake alikuwa amemuulizia jioni yote.

Hakunilaumu. Siku ya mazishi alinitafutia mahali pa kukaa penye kivuli. Mimi nilirudi nyumbani nikaanza kusimulia ile habari kwa marafiki, na kila nikiisimulia niliipunguza, mpaka ikabaki kuku, firigisi na pengo. Watu wakacheka. Yeye alikuwa akiinuka kwenda kuangalia sufuria.

Gari lile nilikaa nalo miaka mingi kwa sababu hakuna aliyelitaka. Likanifundisha sehemu zake moja moja, kila sehemu kwa siku yake ya kuharibika, mpaka nikajua kusoma gari kuukuu kama mtu anavyojua mizaha ya shemeji yake. Elimu hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Butali.

Mwenye gari la Butali alikuwa mzee kama mimi, aliyewahi kuendesha trekta za miwa mpaka mgongo ukamkataza. Nilimpigia simu jana yake nikamwomba kitu kimoja, asiliwashe gari mpaka nifike. Tulipoingia bomani nikaenda moja kwa moja nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi kama mtungi.

"Sijaigusa," akasema. "Hata mama watoto alitaka imupeleke sokoni, nikamwambia apande boda."

Nikampenda kidogo. Nikajikumbusha kwamba hata yule wa Navakholo nilimpenda.

Mke wangu alikaribishwa kiti akakikataa kwa upole. Akasimama nyuma ya gari, mkono mmoja kwenye mkongojo wake. Mimi nilifungua boneti. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi, ya gari linalofanya kazi, hilo si baya. Nikafungua kifuniko cha mahali inakomiminwa oili, nikakigeuza kuangalia chini yake. Ukikuta utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, aga uende zako. Hakukuwa na chai. Redieta ilikuwa na maji masafi. Nikawasha. Ilikohoa mara moja ikaamka.

"Moshi?" nikauliza kwa sauti.

"Mweupe kidogo," mke wangu akajibu kutoka nyuma. "Umekwisha."

"Hakuna wa buluu?"

"Mzee, rangi ya buluu naijua, nimeivaa."

Mwenye gari akacheka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na injini inayokula oili ni kama mgeni asiyeondoka. Nikazima. Mke wangu akafungua mlango wa nyuma, akainua zulia kwa ncha ya mkongojo, akainama kadiri goti lilivyomruhusu, akanusa. Mimi pua yangu iliharibiwa na tumbaku, hiyo ilikuwa kazi yake. Gari lililozama mtoni linaweza kuoshwa viti, lakini chini ya zulia hubaki harufu ya gunia lililolowa.

"Hapa maji hayajalala," akasema.

Nikatazama matairi. Yote manne yalikuwa ya kimo kimoja, jambo ambalo wengi hawaliangalii. Tairi moja likiwa kubwa kuliko mengine, gia za kuunganisha mbele na nyuma zinapigana mpaka zinasagana. Nikalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kitabu cha gari, zikapatana, na jina la kitabuni likapatana na kitambulisho cha mwenyeji. Yote haya niliyafanya nimesimama. Muda wote nilikuwa nasikia mafuta yakichemka jikoni, na harufu ya kuku ilikuwa imeshafika uani.

Nilikuwa nimetandika gunia kando ya gurudumu la mbele na nimeshika tochi, wakati mke wa mwenyeji alipotoka na beseni na jagi la maji ya moto, taulo begani.

"Karibuni mnawe," akasema. "Chakula kikipoa si chakula."

"Wacha hiyo gunia, mzee," mwenyeji akasema. "Gari haikimbiangi. Kwanza tumbo."

Niseme ukweli. Miaka yote ile, utani wote wa watoto, suruali ya viraka, na bado mikono yangu iliinuka yenyewe. Tochi niliiweka kwapani. Nilijiona nainama mbele ya beseni, viganja vimekutana, nasubiri maji. Mama yule alikuwa ameinamisha jagi tayari.

Mke wangu akalishika lile jagi kwa chini.

"Mama, usimwage maji mazuri bure," akasema. "Hii mikono bado haijachafuka."

Mwenyeji akamtazama mke wangu, kisha akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, mnaona sisi ni wezi?"

"La, hapana," mke wangu akasema. "Wewe umetuwekea gari baridi, mwizi hafanyi hivyo. Ni mume wangu. Mume wangu ana haya. Akila kwa mtu, hawezi tena kumwangalia mtu huyo kwa macho mawili. Ndivyo alivyo tangu anioe. Mwache aangalie kwanza, halafu mtamlisha mpaka mchoke."

Mke wa mwenyeji akacheka, akasema hata wake ni hivyo hivyo, akaenda kufunika sufuria. Mimi nilibaki nimesimama na tochi kwapani. Miaka yote nilidhani mke wangu ananiona mjinga, au mchoyo aliyependa gari kuliko watu, na nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba ana haki. Kumbe alikuwa ameniwekea neno lingine. Haya. Alilisema mbele ya wageni kama mtu anayesema mume wake hali pilipili. Nililala chini ya gari haraka, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kunisaliti.

Huko chini kwanza nilitafuta shafti ya mbele. Ilikuwepo. Niliishika kwa mkono wote kama unavyomshika mtu mkono baada ya msiba, nikaitikisa. Ilicheza kidogo tu, kadiri ya umri wake. Mipira inayofunika viungio vya magurudumu haikuwa imepasuka. Vikombe vya gia katikati ya ekseli, mbele na nyuma, havikuwa vinatokwa na oili. Nikashukuru, lakini sikutoka. Nilikuwa na nyundo ndogo mfukoni.

Barabara za huko watu wamewahi kuzimwagia molasi, masalia mazito ya kiwanda cha sukari, ili kulaza vumbi, na gari linalopita hapo kila siku hujipaka tope tamu ambalo likikauka linakuwa gumu kama sukari guru iliyoganda chunguni. Chuma kinaoza chini yake bila mtu kuona. Nikaanza kugonga chesisi, ile mihimili miwili inayobeba gari zima, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Kililia, kikalia, kikalia, mpaka nilipokaribia mahali springi ya nyuma inapofungwa, upande wa kushoto. Hapo sauti ikafa. Ikawa kama kugonga boga. Nikakwangua tope kwa ncha ya nyundo, nikakuta kiraka cha zamani kilichochomelewa, na kando yake ufa uliokuwa unatembea.

"Mzee," nikaita, "njoo uone."

"Niambie tu."

"Huwezi kuambiwa. Njoo."

Nilisikia akimwomba mkewe gunia lingine. Kisha akaja, na suruali yake ya pasi, akigugumia, akajiingiza upande wa pili mpaka vichwa vyetu vikakaribiana. Nikamulika. Nikagonga mbele, nikagonga pale. Akachukua nyundo akagonga mwenyewe.

"Mimi sikuchomelea hiyo," akasema baadaye. "Nakuapia. Nimekaa na gari hii na sijui hiyo iko."

"Ulipoinunua hukuingia chini?"

Akatazama chuma.

"Walinipikia," akasema.

"Kuku?"

"Bata."

Sijui nani alianza. Wazee wawili tumelala chali kwenye magunia, tope la molasi linatudondokea shingoni, tunacheka mpaka nikaogopa kwa kifua changu. Kila tulipotaka kunyamaza, mmoja alisema "bata" na mwingine akaanza upya. Tukasikia mke wake akiuliza huko nje kama tumeumia, na mke wangu akijibu, "Wameona kitu kizuri, waache."

Tulipotoka, tulishindwa kuinuka. Wanawake walituvuta, kila mmoja wake. Ndipo tukanawa, na maji ya beseni yakageuka rangi ya kahawa. Firigisi ilikuwa imepoa. Nilimkatia mke wangu nusu, jambo ambalo baba yangu asingelifanya mezani mwa watu, akairudisha kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. "Leo umeifanyia kazi."

Mwenyeji alisema hataniuzia gari lile vile lilivyo, hata nikitaka. Alilipeleka kwa fundi, kile kipande kilichooza kikakatwa chote, kikawekwa chuma kipya badala ya kiraka juu ya kiraka. Nilirudi kuligonga kabla halijapakwa rangi, kwa sababu rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu ni kitu cha kukupa wasiwasi. Chuma kikalia mbele mpaka nyuma. Kisha tukalipeleka kwenye njia ya miwa iliyolowa, na huko ndiko unakopima gari la namna ile, si kwenye lami. Nikavuta gia ndogo. Taa ikawaka, lakini taa sikuitazama. Mwenyeji alitembea kando, ameinama, macho kwenye gurudumu la mbele.

"Inakula!" akapiga kelele. "Ya mbele inakula matope! Endesha!"

Mvua zilikuwa zimeshika kweli kweli tulipofunga safari ya Matungu na gari hilo, sasa letu. Mke wangu alipanga vitu vyake mwenyewe: sukari, majani ya chai, blanketi la dada yake, chupa ya uji. Ile chupa niliiona nikageuza macho. Tulipita Mayoni watu wakiwa wanafunga vibanda kwa sababu ya wingu, tukaacha lami, tukaingia kwenye miwa. Niliendesha polepole.

Kwenye kijito nikasimamisha gari. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, na ng'ambo kilima kilikuwa kimechimbwa na matrekta kama zamani. Nilitaka kusema jambo ambalo nilikuwa nimelipanga tangu Butali, refu, lenye maneno mazuri, lakini lilipotoka lilikuwa fupi.

"Leo likikwama," nikamwambia, "tunaliacha hapa na ufunguo ndani. Tunapanda wote."

Akatazama mbele.

"Endesha, mzee."

Nikavuta gia ndogo. Nilipoinamia ile gia ndipo nilipoona miguu yake. Alikuwa amevua viatu. Alikuwa amevipakata mapajani pamoja na chupa ya uji, amevifunga kamba moja na nyingine, tayari kwa bega. Sikumuuliza amevivua saa ngapi. Mwenyewe nilikuwa na gamubuti miguuni, kwa hiyo tulikuwa sawa.

Tukashuka majini. Mbele ikazama kidogo, ikashika. Tukaanza kupanda. Nyuma ikateleza upande wa kushoto, moyo wangu ukateleza nayo, halafu nikasikia magurudumu ya mbele yakivuta, taratibu, kama ng'ombe anayeijua njia ya nyumbani. Tope lilirushwa mpaka kwenye kioo. Mke wangu alishika mkono wa mlango kwa mkono mmoja na viatu kwa mwingine. Kisha kilima kikaisha, na gari likawa linatembea tu.

Nikasimama kidogo, nikijifanya napangusa kioo. Yeye alikuwa anafungua lile fundo la kamba. Lilimchelewesha, vidole vyake si vya zamani. Akavaa kiatu cha kushoto, halafu kile cha goti bovu, na hapo nikazunguka kwenda kumsaidia, akaniruhusu.

Mto mkubwa siku hizi una daraja la saruji. Tulipofika, wajukuu walikuwa wamemtoa dada yake nje kwenye kiti, amefunikwa kanga mpaka kidevuni, maana alikataa kusubiri ndani. Alianza kupiga kelele kabla sijazima injini.

"Asalaam aleikum! Nani huyo analeta matope kwangu?"

"Ni mdogo wako," mke wangu akasema, akishuka kwa mkongojo.

Nilingoja wakumbatiane. Lakini dada yake hakumtazama usoni kwanza. Ndiye aliyempokea asubuhi ile ya zamani langoni, na alitazama chini, miguuni. Akavitazama vile viatu, juu na kando, muda mrefu mpaka wajukuu wakashangaa. Vilikuwa vikavu. Halafu akamvuta mdogo wake kwa shingo, wakawa hivyo, vitambaa vya kichwa vimegusana, na ikanilazimu kulizunguka gari tena kuangalia matairi.

Nilimsikia akiniita kutoka nyuma ya bega la mke wangu. Tangu msiba ule alikuwa akiniita mume wa fulani, au huyo. Siku ile aliniita vile unavyomwita shemeji mwanamume kwetu.

"Mulamwa," akasema. "Acha hilo gari. Ingia ule."